Upana wa Namba Kamili katika Lugha ya C: Mfano wa Thamani za Shehena Mpakani Kabanga

Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliitaka aina ya long iwe na angalau biti 32, bila kuweka ukomo wa juu. Kwa sababu hiyo, katika kompyuta za biti 64, long huwa na biti 64 kwenye Linux, lakini 32 kwenye Windows.

Tuchukulie programu inayojumlisha, kwa senti, thamani ya shehena zinazopita Kabanga, wilayani Ngara, kuelekea Burundi. Namba ya biti 32 yenye alama huishia 2,147,483,647, yaani shilingi 21,474,836.47. Lori moja la mafuta laweza kuvuka kiasi hicho. Jumla ikifurika, kiwango hakiainishi matokeo. Ushuru waweza kukokotolewa kimakosa pasipo onyo lolote.

Kiwango cha C99 kilileta stdint.h, yenye aina kama int64_t. Microsoft iliiongeza katika Visual Studio 2010. Hata hivyo, int64_t si lazima kwa kila kompaila, ilhali int_least64_t ni lazima. Hivyo basi, upana unaohitajika sharti utamkwe ndani ya msimbo wenyewe, usiachiwe kompaila.