Je, Mfuko Huu Utaoza Majini?

Tarehe 1 Juni, 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilikatazwa kuitengeneza, kuiuza, kuitumia na hata kuiingiza nchini. Watu wa Tunduma, mji wa mpakani, jambo hili liliwagusa sana.

Duniani sasa kuna plastiki nyingine. Huitwa plastiki inayooza. Nyingi ya hizo ni poliesta. Je, ukiitupa mtoni itaoza? Soma ujue.

Poliesta ni nini?

Poliesta ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Fikiria shanga zilizotungwa. Kila shanga imeshikana na mwenzake.

Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa ni poliesta. Nguo nyingi za dukani pia ni poliesta. Hizo haziozi upesi, kwa sababu maji hayakati minyororo yake kwa urahisi.

Poliesta inayooza ni tofauti. Maji huingia ndani yake. Yakisha kuingia, hukata mnyororo mahali pengi. Kwanza kitu hupoteza nguvu. Halafu huvunjika vipande vipande. Mwisho vipande huwa vidogo mno, na vijidudu huvila.

Mfano wa hospitali

Daktari akimpasua mgonjwa, mara nyingi hushona nyama za ndani kwa uzi wa poliesta inayooza. Uzi huo hautolewi. Maji ya mwilini huukata polepole. Baada ya miezi miwili au mitatu uzi umekwisha.

Kwa nini mwilini huisha? Mwili una maji siku zote, na una joto la digrii 37.

Joto ni jambo kubwa

Aina moja ya poliesta hii hutengenezwa kwa sukari ya mahindi au ya miwa. Ikikatika kabisa, huwa asidi ileile iliyomo katika maziwa mgando. Mkulima wa Mbozi anaweza kusema, "Kitu cha mahindi kitaoza kama bua." Sivyo.

Fikiria maharage. Katika maji yanayochemka huiva. Katika maji baridi hayaivi. Poliesta hii nayo ni hivyo. Kwenye mitambo ya kuozesha takataka, katika joto la digrii 60 hivi, huisha kwa miezi michache. Katika maji baridi ya mto huweza kukaa miaka mingi.

Mto hausimami

Mto Momba huingia Ziwa Rukwa. Mto Songwe wa mpakani na Malawi huingia Ziwa Nyasa. Unachokitupa leo kinaweza kunasa katika wavu wa mvuvi usiyemjua. Samaki au ng'ombe anaweza kukimeza kabla hakijaoza.

Kwa hiyo, ukiambiwa mfuko unaoza, uliza: Unaoza wapi? Kwa joto gani? Kwa muda gani? Neno "unaoza" si ruhusa ya kuutupa mtoni. Utumie tena na tena. Ukienda sokoni, chukua kikapu chako.

Maswali

1. Maji huifanya nini poliesta inayooza?
2. Kwa nini uzi wa daktari huisha mwilini?
3. Kwa nini mfuko wa mahindi hukaa muda mrefu mtoni?
4. Jadilianeni: takataka za kijiji chenu hutupwa wapi? Mvua ikinyesha, huenda wapi?