DAMU YA MWEZI IKIKOMA, HORMONI ZINAGEUKA



Mwalimu wa biolojia alipoandika ubaoni neno «menopozi», sisi wa mwaka wa sita tulicheka. Vijana walipigana viwiko, wasichana wakafunika uso na kaye. Lakini kiisha somo hatukucheka tena. Kila mmoja wetu iko na mama ao shangazi nyumbani, na wengi tulikwisha kusikia watu wakisema juu ya mama mzee asiyelala usiku: «Huyu anatembea na wachawi.» Kwa hiyo tumeona ni vema kuwaeleza mambo tuliyojifunza.

Hormoni ni nini? Ni kama barua ambayo tezi moja inatuma ndani ya damu, kusudi sehemu ingine ya mwili ijue kazi yake. Barua kubwa ya wanawake inaitwa estrojeni. Wengi wanafikiri iko moja tu. Sivyo, kuko tatu kubwa:

1. Estroni (E1), yenye kundi moja la OH;
2. Estradioli (E2), yenye makundi mawili;
3. Estrioli (E3), yenye makundi matatu.

Wanaosoma kemia wataona kwamba namba inafuata hesabu ya OH. Zote ziko na kaboni 18, zinafanana kama watoto wa tumbo moja, lakini nguvu yao si sawa. Estradioli inapita zingine kwa nguvu. Estrioli inaonekana zaidi wakati wa mimba, inatoka kwa kondo la nyuma. Estroni ndiyo ilitangulia kujulikana: mwaka 1929 Edward Doisy kule Marekani, na Adolf Butenandt kule Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waliitoa katika mkojo wa wanawake wenye mimba.

Mbele ya menopozi. Ovari, ndiyo mifuko ya mayai, zinatengeneza estradioli kila mwezi, na yai likitoka zinatengeneza progesteroni pia. Msichana anazaliwa na mayai kama 1.000.000 ao 2.000.000. Kiisha pale yanapunguka tu.

Kiisha menopozi. Karibu na miaka 50, wengine mbele, wengine nyuma, mayai yanakaribia kuisha na ovari zinaacha kazi ile. Mama akipitisha miezi 12 bila damu, waganga wa hospitali wanasema amefika. Estradioli inashuka sana, na progesteroni karibu inakosekana. Je, estrojeni imekwisha kabisa? Hapana! Tezi mbili zinazokaa juu ya figo zinatoa hormoni ingine, androstenedioni, na mafuta ya mwili yanaigeuza kuwa estroni. Basi, ile iliyokuwa nyuma ya estradioli sasa inakuwa mbele.

Lakini estroni ni zaifu, haiwezi kujaza nafasi yote. Kwa hiyo sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili inavurugika: mama anasikia moto gafula, jasho linamwangika, usiku anafungua dirisha ao anatoka inje kutafuta baridi. Huo si uchawi hata kidogo! Mifupa yake pia inapoteza nguvu, na kuanguka kidogo kunaweza kumvunja. Tumsaidie kubeba maji na kuni.

Jambo moja la kuangalia sana: kama damu inarudi kiisha mwaka mzima, hata matone tu, watu wasiseme «amerudia ujana». Estroni bila progesteroni inaweza kunenepesha ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi, na pengine kansa inatokea pale. Apelekwe hospitali mbio, asingojee maumivu.

Katika Mwanzo 18 tunasoma kwamba damu ya mwezi ya Sara ilikuwa imekwisha koma. Yeye mwenyewe alicheka, lakini hakuna mtu aliyemwita mchawi. Basi wandugu, likizo inakaribia. Tukifika nyumbani na kusikia maneno yale juu ya mama fulani, tusinyamaze. Tueleze.

Kwa jina la wanafunzi wa mwaka wa sita.