Moshi wa stima: Wewe wa Kayole, sheria inakupa nini?

Saa mbili usiku, Kayole. Umenunua tokeni ya shilingi 100, jirani anapika chapati, kinyozi wa pale steji bado ana wateja. Huu ndio wakati Kenya hutumia stima kwa wingi zaidi, na mitambo inayochoma mafuta mazito, kama ile ya Athi River na Thika, huitwa kusaidia mvuke wa Olkaria na maji ya Tana. Mafuta hayo unayalipia ndani ya hiyo mia. Moshi je?

Moshi nao una sheria. Tangu 2014 tuna Kanuni za Ubora wa Hewa, zinazoweka viwango vya gesi za salfa na naitrojeni na vumbi linalotoka kwenye dohani. Usidharau hilo vumbi. Chembe zake ndogo kabisa ni nyembamba mara 30 kuliko unywele, na hushuka hadi ndani ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Lakini nani husimamia? NEMA ndiyo hutoa leseni. Na ikikosea? Tazama Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ikapewa leseni Septemba 2016. Save Lamu na wakazi watano wakapinga. Hawakungoja mtu aanze kukohoa. Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni hiyo. Sababu kubwa? Umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya mapema, kabla utafiti wa athari haujakamilika, haikutosha. Yaani kuitwa, kupewa soda na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio si kushirikishwa (soda ni yangu, lakini unajua mikutano yetu).

Unajiuliza Lamu inakuhusu nini. Kwa miaka kadhaa kumetangazwa mipango ya kuchoma taka za Nairobi ili kuzalisha stima, mara Dandora, mara Ruai. Zote ni majirani zetu. Binafsi sioni wazo hilo kuwa baya. Jaa la Dandora liko pale tangu 1975, na taka zake huwaka ovyo bila dohani wala kichujio. Shida ni kwamba plastiki ikichomwa kwa moto hafifu hutoa daioksini, sumu kali. Ulaya mitambo hii hulazimika kufikisha nyuzi 850. Hapa kwetu uliza: moto utafika ngapi? Vichujio ni vya aina gani? Nani atapima moshi, na matokeo tutayaona wapi?

Na una haki ya kuuliza. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Leseni ikitolewa, rufaa kwa jopo ni ndani ya siku 60. Kwa hivyo ukiona tangazo limebandikwa kwa chifu, piga picha, soma tarehe, tuma kwa grupu ya ploti. Wale wa Lamu walikata rufaa yao Novemba 2016, miezi miwili tu baada ya leseni.