Uvira: Daftari lililotaja saa za kiu, na barua zisizotaja kitu

UVIRA, Kivu ya Kusini – Kati ya mwaka 2009 na 2014, makundi mawili ya wafanyakazi katika mji huu wa kando ya ziwa Tanganyika yalikuwa yakiandika kila siku, kila moja kwa kazi yake. Kundi la kwanza ni wahudumu wa kituo cha kutibu kipindupindu, au kolera kama wengi wetu tunavyoiita. Wao waliandika wagonjwa walioingia siku hiyo na walikotoka. Kundi la pili ni wafanyakazi wa mtambo wa maji wa Regideso. Wao waliandika ni mita ngapi za ujazo za maji zimekwenda mjini.

Ni maandishi ambayo hakuna mwalimu angeyaita insha. Ni mistari na namba.

Mwezi wa 10 mwaka 2015, mtafiti Aurélie Jeandron na wenzake wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichapisha katika jarida la PLOS Medicine matokeo ya kuweka kumbukumbu hizo mbili bega kwa bega. Waligundua kwamba siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambayo mtambo umetoa maji ya kutosha. Kwa hesabu yao, takriban asilimia 23 ya wote walioingia kituoni katika kipindi hicho waliugua kwa sababu maji ya bomba yalikuwa pungufu.

Mama wa Kasenga au Nyamianda anayeamka usiku kuchota maji hakuhitaji mtu wa London amwambie kwamba bomba likikauka watu wanarudi ziwani na mitoni, na kwamba baada ya siku chache watoto wanaanza kuhara. Alijua. Lakini "tunajua" haiwezi kuwekwa mezani mbele ya waziri au mfadhili. Kilichowekwa mezani ni asilimia 23, na isingepatikana kama mtu wa zamu, pengine amechoka na pengine mshahara wake umechelewa, angeacha kuandika tarehe.

Neno moja katika kichwa cha makala ya watafiti hao linafaa kutazamwa. Hawakuandika "wagonjwa wa kipindupindu". Waliandika wagonjwa "wanaodhaniwa" kuwa na kipindupindu, kwa kuwa anayehara na kutapika si lazima awe na vijidudu hivyo, na si wote waliopimwa katika maabara. Neno hilo moja linamlinda msomaji asidanganyike, na linamlinda mwandishi asije akaumbuliwa kesho. Ni mara ngapi ripoti zetu za kartiye, za mashirika, hata za habari, zinaandika "watu 40 wamekufa" pale ambapo aliyeandika amesikia tu kwa jirani?

Watafiti wengine walioifuata kolera ya Uvira miaka ya baadaye walikwenda mbali zaidi: waliwapanga wagonjwa kwa avenyi wanazoishi, na kuona kwamba ugonjwa hujirudia katika sehemu zilezile. Kwa hiyo safu ya "anwani" katika daftari, ile ambayo wengi huijaza neno "Uvira" tu ili wamalize haraka, ndiyo inayoonyesha bomba lipelekwe wapi kwanza.

Nimeanza na daftari kwa makusudi. Hapa kwetu ukisema fulani anajua kuandika, watu wanaelewa kwamba anajua Kifaransa kikubwa. Anatumia maneno ambayo jirani hayajui, sentensi yake inaanza juu ya karatasi na kuishia chini. Mtu wa namna hiyo anaheshimiwa, anaitwa kuandika barua za ukoo mzima. Ukiisoma barua yenyewe ukaulizwa mwombaji anataka nini, utaanza kukuna kichwa.

Nenda kwenye vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi vilivyo karibu na ofisi za serikali, mji wowote wa Kongo, utaona. Mteja anafika na shida yake, anaieleza kwa Kiswahili, kwa haraka, vizuri kabisa: nani, wapi, tangu lini. Mpiga chapa anasikiliza, kisha anafungua barua ya mteja wa jana kwenye kompyuta na kubadilisha jina. Inatoka barua inayoanza na "J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité", yaani nina heshima ya kuja mbele ya utukufu wako mkubwa. Inazunguka mistari sita, inagusa shida katika nusu ya sentensi, kisha inashuka kwenye shukrani ndefu za mwisho. Yale maelezo mazuri yalibaki hewani pale kibandani.

Tuchukue mfano, wa kubuni lakini wa kila mvua. Mtaro umejaa matope na maji yanaingia nyumbani. Barua ya mtindo wa kawaida ingesema kwamba wakazi "wanasikitishwa na hali ya kutisha ya mazingira inayohatarisha maisha ya raia, hivyo wanaiomba mamlaka husika ichukue hatua zinazofaa". Shefu wa kartiye akisoma hivyo, hana la kufanya. Hatua zipi? Wapi? Anaiweka kwenye dosye, na dosye inawekwa juu ya dosye nyingine.

Sasa soma hii:

"Bwana Shefu wa Kartiye, tunakusalimu kwa heshima. Mtaro unaopita nyuma ya shule ya msingi umeziba tangu mvua ya tarehe 3 mwezi wa 3. Maji yameingia katika nyumba 11 za avenyi yetu, orodha imeambatanishwa. Tunaomba mambo mawili: ruhusa ya kufanya salongo Jumamosi ijayo kuanzia saa 12 asubuhi, na toroli mbili za ofisi kwa siku hiyo. Vijana 20 wamekubali kufanya kazi. Ahsante."

Haina neno hata moja la kwenda kutafuta katika kamusi. Shefu anaweza kuijibu kwa "ndiyo" au "hapana", na akisema hapana, itabidi aseme kwa nini. Huenda ndiyo sababu baadhi ya watu hawapendi barua za namna hii.

Kuna watakaosema haina adabu. Hoja hiyo naiheshimu. Kwetu huingii kwa mtu na kumwaga shida zako kabla ya kumjulia hali, na barua nayo ni kuingia kwa mtu. Lakini hata mlangoni salamu haichukui nusu saa wakati nyumba inazama. Mstari mmoja wa heshima, cheo kiandikwe sawasawa, jina lisikosewe. Kukosea jina la mkubwa kunamuudhi kuliko kumnyima "utukufu".

Tatizo hili halikuanzia kibandani. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kukitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inasema lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia, na pia zifundishwe kama somo. Darasani, mtoto aliyekulia katika Kivira, Kifuliiru au Kibembe nyumbani na Kiswahili mtaani anafundishwa kuandika kwa lugha ya tatu. Anajifunza mapema kwamba maandishi ni kitu cha kigeni, kinachoandikwa kwa maneno ya kukariri.

Akifika darasa la mwisho la sekondari anakutana na mtihani wa taifa. Kuna insha ya Kifaransa, inayofanywa kabla ya mtihani wenyewe. Zile siku kuu zinazofuata ni za kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Mtu anaweza kupata diploma, akafurahiwa kwa poda nyeupe kichwani na tarumbeta barabarani, akiwa ameandika ukurasa mmoja au miwili ya mawazo yake mwenyewe katika mtihani wote. Mwaka unaofuata yuko chuo kikuu, na baada ya muda anadaiwa kazi ya kumaliza masomo ya kurasa hamsini. Anakwenda wapi? Anarudi kibandani.

Hapo ndipo kazi za wanafunzi zinapofanana kama sare za shule. Sura ya kwanza ni maana ya maneno, zimetolewa kwenye kamusi. Sura ya pili ni historia ya Uvira, imenakiliwa kwa aliyemtangulia. Swali lenyewe halionekani. Na hii ni katika mji wenye kituo cha utafiti wa maji na viumbe vyake, CRH-Uvira, wenye ziwa ambalo dunia nzima inakuja kulisoma, na mto Mulongwe ambao usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi wa 4 mwaka 2020 ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Maswali yametapakaa barabarani.

Mfano wa swali lililoulizwa vizuri upo karibu. Mtafiti wa Kongo Espoir Bwenge Malembaka na wenzake walitaka kujua jambo moja: dozi moja ya chanjo ya kolera iliyotolewa Uvira mwaka 2020 inamlinda mtu kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Swali zima linatosha kwenye kiganja. Jibu lao, lililochapishwa mwaka 2024 katika The Lancet Infectious Diseases, ni kinga ya asilimia 52.7 kati ya mwezi wa 12 na wa 17 baada ya chanjo, na asilimia 44.7 kati ya mwezi wa 24 na wa 36. Msomaji hahitaji kupitia kurasa ishirini za utangulizi ili ajue wanatafuta nini.

Je, Kifaransa kitupwe? Sisemi hivyo. Mahakama, benki, chuo na serikali ya Kinshasa vinakitumia, na kijana wa Uvira asiyekijua atafungiwa milango mingi. Ninachokiona kinafaa ni kuandika kwanza kwa lugha ambayo mtu hugombania nauli kwa boti pale bandari ya Kalundu. Katika lugha hiyo hakuna anayesema "hatua zinazofaa". Anasema shilingi au faranga ngapi, lini, nani atalipa. Rasimu ikishakuwa wazi kwa Kiswahili, Kifaransa chake kitakuwa kifupi na makosa yatapungua, kwa sababu sentensi fupi haina pa kujificha. Wala mtu asione haya kwamba Kiswahili chake si kile cha Unguja. Rasimu ni ya kufikiria, haipelekwi kwa mwalimu.

Karatasi nyingine ya kila siku ni PV ya mkutano. Katika vikundi vya akiba, vile vya AVEC ambavyo mama wengi wa huku wamo, nusu ya ugomvi unatoka hapo. "Wajumbe walijadili kwa kina suala la madeni" haimsaidii mtu. Fulani amekopa kiasi gani, atarudisha tarehe gani, shahidi ni nani: mistari mitatu, na ugomvi wa mwezi wa 12 haupo.

Karatasi inayoumiza zaidi ni ile ya kuuziana parsele. Nyingi zinasema kiwanja kinaanzia kwenye mwembe na kuishia kwa jirani, au kwamba kimepakana na mto. Mwembe ukikatwa, jirani akihama? Mulongwe ulipofurika mwaka 2020 ulichukua kuta na alama pamoja na nyumba, na maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni yalimeza mipaka ya wengi walioishi ufukweni. Mwenye karatasi iliyoandika urefu na upana kwa mita, majina kamili ya majirani wa pande nne, namba ya parsele na tarehe, ana cha kuanzia mbele ya hakimu. Mwenye karatasi ya mwembe ana hadithi.

Mpiga chapa wa kibandani angeweza kubadilisha mengi kuliko semina yoyote, maana ndiye mhariri wa mji mzima. Kabla ya kugusa kompyuta angemuuliza mteja: jambo gani limetokea, wapi hasa, tangu lini, unataka nani afanye nini? Kisha aandike majibu kwa mpangilio huohuo. Anayelipwa kwa ukurasa ataona anapoteza, lakini mteja aliyejibiwa atarudi na ndugu zake.

Na barua ikishakamilika, itolewe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na sahihi ya sekretari. Usiondoke mlangoni kabla hujaipata. Baada ya wiki mbili, usirudi kuanza hadithi upya. Toa ile nakala, onyesha tarehe, uliza jibu liko wapi.