Sumukuvu kwenye uji wa mtoto: Kipimo kinachoonyesha jeraha ndani ya seli

Dodoma. Mavuno yakiisha, nyua nyingi za Kongwa, Chemba na Kondoa hugeuka uwanja wa kuanikia. Mahindi huku, karanga kule. Punje zilizoota ukungu si rahisi kuzitupa, maana chakula kimepatikana kwa jasho. Zinachanganywa na nyingine, zinasagwa, na asubuhi mtoto anakunywa uji.

Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara iliona gharama ya ukungu huo. Kati ya Mei na Novemba, watu 68 waliripotiwa kuugua na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayozalishwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri.

Waliougua ghafla walikula sumu nyingi. Lakini anayekula kidogo kila siku haumwi tumbo wala macho yake hayawi ya njano. Madhara yanajijenga kimyakimya, kwenye ini na ndani ya seli.

Seli yenye mkia

Kuna kipimo cha maabara kinachoweza kuonyesha madhara ya aina hiyo, seli moja baada ya nyingine. Si kile cha DNA ambacho wengi wanakijua, cha kutambua baba wa mtoto. Hiki hakiulizi DNA ni ya nani, bali kama imekatika.

Watafiti huchukua seli, mara nyingi chembe nyeupe kutoka kwenye tone la damu, na kuzitandaza kwenye kioo ndani ya utando laini kama jeli. Kuta za seli huyeyushwa kwa dawa, ibaki DNA. Kisha umeme hupitishwa. DNA iliyo nzima hubaki imejikunja kama duara. Iliyokatika, vipande vyake huvutwa kuelekea upande chanya wa umeme na kuacha mkia. Chini ya hadubini seli hiyo huonekana kama nyota yenye mkia, na ndiyo asili ya jina la kipimo hicho kwa lugha za kigeni. Mkia ukiwa mkubwa na wenye DNA nyingi, jeraha nalo ni kubwa.

Njia hiyo ilianzia Sweden mwaka 1984, ikaboreshwa Marekani mwaka 1988. Sumukuvu ni miongoni mwa sumu zilizochunguzwa kwayo. Ikifika kwenye ini, hubadilishwa na kuwa kemikali inayojibandika kwenye DNA.

Mzazi asikimbilie hospitali kuomba kipimo hiki. Ni cha utafiti. Hakitambui saratani, wala mkia hausemi nani alaumiwe, kwani hata moshi na mionzi hukata DNA. Habari njema ni kwamba mwili hujirekebisha. Hatari ni jeraha linalorudiwa kila siku, hadi kosa moja likabaki bila kurekebishwa. Hivyo ndivyo saratani ya ini huweza kuanza, na hatari huongezeka mno kwa mwenye homa ya ini aina B.

Kinga inaanzia uani

Kuchemsha uji hakuiondoi sumukuvu, kwa sababu inastahimili joto la jikoni. Kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya kusaga:

• Anika juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo.

• Pima ukavu: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi.

• Chagua na kuondoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu. Usimpe ng'ombe, sumu hupita hadi kwenye maziwa.

• Koboa mahindi kabla ya kusaga, kwani sehemu ya sumu huondoka na pumba.

• Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga.

• Unga wa lishe wenye karanga saga kidogo kidogo, na karanga zichambuliwe moja moja.

• Hakikisha mtoto anamaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake imo kinga ya homa ya ini aina B.

Punje zinazotupwa leo ni hasara ya kiganja kimoja. Ini la mtoto halina mavuno ya pili.