Alalaye Barazani Naye ni Mwananchi

Ni nadra siku hizi kufanyika mkutano wa mtaa katika Jiji la Dar es Salaam usigusie mambo matatu: takataka, maji ya mvua na watu wanaolala nje. Juu ya mawili ya kwanza wananchi hubishana, kisha wakapatana. Juu ya hili la tatu aghalabu hupatana pasipo kubishana: wafukuzwe. Neno hilo ni jepesi kulitamka. Lakini hapana budi tujiulize limepata kuponya nini.

Malalamiko ya wakazi si ya uzushi. Mwenye duka ambaye kila alfajiri huianza kazi yake kwa kuosha uchafu wa barazani, na mama anayehofia kumtoa mwanawe gizani kwenda shule, wana haki ya kusikilizwa. Kiongozi wa mtaa anayewapuuza anavunja wajibu wake. Hata hivyo, kusikiliza kilio ni jambo moja, na kuitikia kila dawa inayopendekezwa ni jambo jingine.

Dawa ya kufukuza si ngeni. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa na sheria ya kuwaondoa mijini watu waliowaita wasiotakiwa, na Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 ikamfanya mzururaji kuwa mhalifu. Sisi wenyewe, mwaka 1983, tulipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Nia yake, yaani kila mwenye nguvu afanye kazi, ilikuwa njema. Watu walikamatwa mitaani wakapelekwa vijijini, na wengi wao wakarudi. Lori humhamisha mtu, lakini haliihamishi sababu iliyomleta mjini. Vivyo hivyo, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Miaka minne baadaye nyumba zilikuwa zikibomolewa tena katika Bonde la Msimbazi, maana watu walikuwamo. Riziki yao ilikuwa Kariakoo, nao waliifuata.

Isitoshe, sheria za nchi hazimpi mwenyekiti wa mtaa madaraka ya kumhamisha mtu. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi mahali popote katika Jamhuri ya Muungano. Na tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Umaskini wa mtu si ushahidi wa uhalifu wake.

Basi mkutano ufanye nini? Kwanza, uwajue watu wenyewe. Wanaolala nje si kundi moja. Wamo watoto, wamo wagonjwa na wazee waliopotezana na jamaa zao, na wamo wachukuzi wa mizigo wanaofanya kazi mchana kutwa kuliko baadhi yetu tunaowanyoshea kidole. Mtoto analindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamwajibisha kila mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Mgonjwa na mzee ni wa kufikishwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ili jamaa zao watafutwe.

Mchukuzi ndiye anayetuumbua. Huyu hakukosa kazi, amekosa mlango. Apatacho hukipata kwa siku, ilhali wenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kabla hawajamkabidhi ufunguo. Nasi tuseme kweli: baadhi ya wanaodai kodi hiyo ndio hao hao wanaosimama mkutanoni kudai wanaolala nje wafukuzwe. Mkutano wa mtaa hauwezi kujenga nyumba za jiji zima. Lakini unaweza kuwakalisha wenye nyumba wake wakaafikiana kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja kutoka kwa mtu ambaye mtaa unamfahamu na kumdhamini. Hilo halihitaji mkopo wala mfadhili.

Asiyeamini kwamba wananchi wanaweza kujifanyia makubwa na akumbuke Hanna Nassif, Kinondoni. Kuanzia mwaka 1994 wakazi wa huko, kwa kushirikiana na wataalamu, walichimba na kujenga mifereji na barabara za mtaa wao uliokuwa ukizama kila masika. Hawakungoja mtu aje awaondoe, wala hawakuondoana.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni siku mbili, ya tatu mpige. Jembe maana yake ni nafasi ya kufanya kazi na kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji. Mkutano ujao utakapofikia ajenda ya wanaolala nje, wajumbe na waanze kwa swali moja: je, yuko yeyote hapa aliyekwisha kuwauliza majina yao?