Kwa Nini Tunakata Miti Tunayoijua Faida Yake?

Muulize mkulima yeyote wa Bashay, wilayani Mbulu, kama miti ina faida. Atakujibu mara moja. Miti hushika udongo. Miti hutunza chemchemi. Bila maji kitunguu swaumu hakikui, na ng'ombe hawana pa kunywa. Mambo haya tumeyasikia shuleni, mikutanoni na redioni. Basi kwa nini shoka halipumziki?

Sababu si ujinga. Hebu tuitafute moyoni mwa mtu.

Kwanza, shida ya leo ina nguvu kuliko ukame wa kesho. Wataalamu wanasema dunia inazidi kuwa na joto na mvua zinabadilika. Mama anasikia na anaamini. Lakini watoto wanasubiri chakula, na ugali hauivi bila kuni.

Pili, kila mtu hujiambia, "Nikiacha mimi, jirani atakata." Jirani naye anasema hivyo hivyo. Wote wawili wana akili, na msitu unakwisha.

Tatu ni hofu ya kunyang'anywa. Hii ndiyo kubwa. Wenzetu wa wilaya jirani ya Babati wanaijua vizuri.

Huko Babati kuna msitu wa Duru-Haitemba. Ukubwa wake ni kama hekta 9,000, na vijiji vinane vinaupakana. Katika miaka ya 1980 serikali ilipanga kuufanya hifadhi ya serikali. Nia ilikuwa njema, maana msitu ulikuwa unaharibika. Lakini wanakijiji walielewa jambo moja tu: msitu unachukuliwa. Wakaingia na mashoka. Mwenye kutaka shamba alifyeka haraka, kabla mipaka haijawekwa. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu akiambiwa ng'ombe wake atachukuliwa kesho, atamchinja leo.

Mwaka 1994 mpango ulibadilishwa. Maofisa walikaa na wanakijiji, wakazungumza nao. Vijiji vikakubali kuutunza msitu, kila kijiji sehemu yake. Kila kijiji kikatunga sheria zake na kuchagua walinzi wake, vijana wa hapo hapo. Serikali haikuwalipa mshahara. Hata hivyo uchomaji wa mkaa ulikatazwa, na ufyekaji ukapungua sana.

Watu walikuwa wale wale. Zamani mkata miti alimwogopa askari wa misitu peke yake. Askari huyo alikuwa mbali, na eneo lake ni kubwa. Sasa alionwa na shemeji yake, na jirani wa mama yake. Hao hawaondoki jioni. Ile hoja ya "jirani atakata" ikakosa nguvu, kwa sababu jirani naye alikuwa mlinzi.

Jambo jingine linalovunja moyo ni woga mkubwa. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wataalamu walieleza kuwa sehemu ya mlima ililowa maji, ikameguka. Msiba kama huo humfanya mtu aseme, "Mimi ni nani mbele ya mlima?" Kumwambia kuwa mti wake mmoja ndio ulioleta tope ni kumwonea. Afadhali apewe kazi anayoiweza, afanye pamoja na wenzake, aone chemchemi yake haikauki.

Sheria inaruhusu kazi hiyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kuwa na hifadhi yake ya msitu katika ardhi yake. Jambo hilo hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, na wanakijiji wenyewe huamua. Inachaguliwa kamati. Unaandikwa mpango wa kutunza msitu. Sheria ndogo hupelekwa halmashauri ya wilaya zikubaliwe. Mapato ya mazao ya msitu huo ni ya kijiji.

Siku ya mkutano huo, akina mama waseme mapema. Wao ndio waendao kuni. Sheria ndogo ieleze wazi ni wapi na siku zipi wataokota kuni kavu. Ikiwa haielezi, wataingia msituni usiku, na mlinzi atakayewakamata ni mtoto wao.